Kutoka Tasnifu hadi Makala: Maandalizi ya Mswada wa Jarida la Kitaaluma

Mswada unaofika mikononi mwa mhariri wa jarida la kitaaluma husomwa mara mbili kwa namna mbili tofauti, na mwandishi asiyeitambua tofauti hiyo hupoteza miezi mingi bila sababu. Usomaji wa kwanza ni wa mhariri mwenyewe, ambaye kwa muda mfupi hutazama kama mada inaingia katika upeo wa jarida, kama urefu, mpangilio na marejeleo vimefuata mwongozo uliotangazwa, na kama kuna hoja mpya inayoonekana tangu ukurasa wa kwanza; asiporidhika, huurudisha mswada bila kuupeleka mbele. Usomaji wa pili ndio ule unaoitwa tathmini ya wanataaluma wenza, yaani mswada kupelekwa kwa wataalamu wawili au zaidi wa fani ileile, ambao kwa kawaida hawalipwi, ili wapime uzito wa data, uhalali wa mbinu na mantiki ya hoja. Waandishi wengi chipukizi hujiandaa kwa usomaji wa pili tu, wakiamini kwamba utafiti ukiwa mzuri mengine yatasamehewa. Hayasamehewi, na kuna haki katika hilo, kwa kuwa mhariri anayekuta kazi zilizotajwa ndani ya matini hazimo katika marejeleo ana sababu ya kujiuliza kama data nazo zilitunzwa kwa uzembe huohuo.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa vyuo vikuu vingi humtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha kabla ya kuhitimu, na mhadhiri naye hapandi cheo bila makala. Matokeo yake ni kwamba mswada wa kwanza wa mtafiti huwa karibu kila mara umechimbuliwa kutoka katika tasnifu, na kasoro zake nyingi ni kasoro za tasnifu zilizohamia mahali pasipo pao. Tasnifu huandikwa kwa ajili ya jopo la watahini wanaolazimika kuisoma yote, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba mtahiniwa anaijua fani yake. Makala huandikwa kwa ajili ya msomaji asiyelazimika kusoma chochote, na kazi yake ni kuongeza jambo moja katika mjadala ambao wengine walikwisha kuuanza. Karibu kila ushauri unaohusu maandalizi ya mswada, kuanzia uteuzi wa jarida hadi namna ya kuandika tarehe katika jedwali, unatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza, inayopaswa kutangulia hata kuandika, ni kuchagua jarida. Kuandika kwanza na kutafuta jarida baadaye ni desturi iliyoenea sana, nayo ndiyo inayozalisha miswada isiyo na msomaji maalumu. Tangu Henry Oldenburg alipoanza kutoa jarida la Philosophical Transactions jijini London mwaka 1665, jarida la kitaaluma limekuwa baraza la watu wanaofahamiana kwa maswali yao, na anayeingia barazani hana budi kujua ni maswali gani yamekuwa yakizungumzwa humo. Jarida la Kiswahili, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina chimbuko lake katika taarifa zilizoanza kutolewa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na wasomaji wake hawafanani na wa Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni na lenye makao Ujerumani, sembuse wa East African Medical Journal la Nairobi. Mwandishi makini huchukua matoleo machache ya karibuni ya jarida analolilenga, akayasoma kwa jicho la fundi: makala zina urefu gani, zinatumia nadharia zipi, vichwa vya sehemu vimepewa namba kwa mtindo wa 1.0 na 1.1 au havina namba kabisa, tanbihi zinawekwa chini ya ukurasa au mwishoni, na je, kuna makala yoyote ya miaka ya karibuni inayohusiana na mada yake. Ikiwa ipo, sharti aitaje na kuonyesha yake inaongeza nini. Ikiwa haipo hata moja, huenda jarida hilo silo.

Uteuzi huu una hatari moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu, nayo ni majarida ghushi, yaani yale yanayojiita ya kitaaluma, yakadai ada, yakachapisha chochote yanacholetewa bila tathmini ya kweli. Barua pepe zao humfikia mtafiti mara tu jina lake linapoonekana katika programu ya kongamano, zikimsifu kwa kazi ambayo hawajaisoma na kumwahidi kuchapishwa ndani ya siku chache. Orodha mashuhuri ya wachapishaji wa aina hiyo, iliyotunzwa na mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, iliondolewa mtandaoni mwaka 2017, kwa hiyo mwandishi wa leo hana budi kuchunguza mwenyewe. Huanza kwa kutazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanzishwa nchini Sweden mwaka 2003, au katika African Journals OnLine, jukwaa lenye makao Afrika Kusini linalohifadhi majarida ya bara hili. Kisha huangalia kama wajumbe wa bodi ya uhariri ni watu wanaofahamika na ambao kurasa zao za chuo zinaitaja kazi hiyo. Na mwisho hufungua makala mbili tatu zilizokwisha kuchapishwa na kuzisoma. Njia hii ya tatu ndiyo yenye kuaminika kuliko zote, ingawa ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu jarida linaloweza kuchapisha ukurasa wenye makosa kumi ya wazi linajitangaza lenyewe. Makala iliyochapishwa huko ni hasara ya kudumu: haiwezi kupelekwa kwingine, haitasomwa na wanaostahili kuisoma, na kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa.

Ada yenyewe si ushahidi wa ughushi. Yapo majarida ya wazi yenye heshima yanayomtoza mwandishi gharama za uchapishaji ili msomaji asilipe kitu, na ada hizo zinaweza kuzidi mshahara wa mhadhiri wa miezi kadhaa. Wachapishaji wengi wakubwa, hata hivyo, husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zilizomo katika Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata machapisho ya kitaaluma, na nchi za Afrika Mashariki zimo. Sharti ni kwamba msamaha huo uombwe mapema, mara nyingi wakati wa kuwasilisha mswada, kwa kuwa baada ya makala kukubaliwa wachapishaji wengi hawalifungui tena suala hilo.

Jarida likishapatikana, ndipo tasnifu inapokatwa, na ukataji huu ndio unaowauma waandishi kuliko kazi nyingine yoyote. Tasnifu ya kurasa 300 haiwezi kufupishwa ikawa makala ya maneno 7,000. Inachoweza kufanya ni kutoa swali moja, pamoja na data inayolijibu swali hilo tu, na kuyaacha mengine yasubiri zamu yao. Chukuliwe mfano wa tasnifu yenye anwani kama hii: Uchunguzi wa Mbinu za Mawasiliano Zinazotumiwa na Waendesha Bodaboda katika Kupatana Nauli na Abiria: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Kinondoni, Jijini Dar es Salaam. Anwani hiyo inafaa kwa kitabu cha chuo, lakini kwa makala ni nzito, inarudia neno uchunguzi mara mbili, na haimwambii msomaji kilichogunduliwa. Mwandishi akiamua kwamba makala itahusu sura moja tu ya tasnifu, ile inayoonyesha jinsi adabu inavyotumika kama silaha ya kupandisha bei, anwani inaweza kuwa: Kupatana Nauli Kijiweni: Adabu na Ushawishi katika Mazungumzo ya Bodaboda na Abiria. Mahali pa utafiti pataelezwa katika ikisiri na katika sehemu ya mbinu. Kinachoondoka pamoja na anwani ile ndefu ni sura nzima ya mapitio ya maandiko, ambayo katika tasnifu hupanga kazi za watangulizi moja baada ya nyingine, kila moja na aya yake. Katika makala zinabaki zile tu ambazo hoja haiwezi kusimama bila kuzitaja, nazo hupangwa kwa hoja, sio kwa majina ya waandishi wala kwa miaka.

Ikisiri, yaani muhtasari unaotangulia makala na ambao kwa kawaida hauzidi maneno 150 hadi 250, huandikwa mwisho ingawa husomwa kwanza, na ndiyo sehemu pekee ambayo wasomaji wengi wataiona. Kosa lililozoeleka ni kuitumia kutoa ahadi: kwamba makala itachunguza, itajadili, na hatimaye itatoa mapendekezo. Msomaji hahitaji ahadi, anahitaji matokeo. Sentensi isemayo kwamba data ilichambuliwa na matokeo yakajadiliwa haina habari yoyote ndani yake, kwa maana kila utafiti hufanya hivyo. Sentensi isemayo kwamba waendesha bodaboda humwita abiria kwa majina ya heshima, kama bosi au mama, kabla tu ya kutaja bei ya juu, na kwamba abiria anayejibu kwa heshima ileile hupata punguzo dogo kuliko anayenyamaza, imeshaieleza makala. Baadhi ya majarida hutaka ikisiri kwa Kiswahili na Kiingereza, na hapo inafaa kila moja iandikwe upya kwa utaratibu wa lugha yake. Maneno makuu yanayofuata chini ya ikisiri, kwa kawaida matano au sita, hutumiwa na mitambo ya utafutaji, kwa hiyo ni bora yabebe dhana ambazo hazimo katika anwani na ambazo mtu anayetafuta mada hiyo angeziandika.

Kuhusu mpangilio wa ndani, sayansi za afya na za asili zimeafikiana kwa miongo mingi juu ya utaratibu wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, na mwandishi wa fani hizo hana sababu ya kubuni mwingine. Fasihi, historia na falsafa zina uhuru mkubwa zaidi, kwani hoja yenyewe ndiyo inayopanga sehemu, ila uhuru huo haumwondolei mwandishi wajibu wa kusema mapema, ndani ya kurasa mbili za kwanza, anadai nini. Katika fani zote, sehemu ya matokeo na ya mjadala zina mpaka unaopaswa kulindwa: ya kwanza inasema nini kilionekana, ya pili inasema kina maana gani, kinapatana au kinapingana na nani, na kina udhaifu upi. Tasnifu nyingi huvichanganya viwili hivyo, kisha huongeza sura ya mapendekezo kwa serikali, wizara na jamii. Sura hiyo haina nafasi katika makala, isipokuwa pale data yenyewe inapoidai.

Sehemu ya mbinu hudai usahihi ambao mazoea ya kila siku hayauhitaji. Tarehe iliyoandikwa 3/4/2021 ni tarehe tatu Aprili kwa msomaji wa Mombasa na tarehe nne Machi kwa msomaji wa Marekani, na kwa sababu hiyo mwezi huandikwa kwa jina. Saa nazo zina mtego ambao Waswahili wanaufahamu vizuri katika maisha ila huusahau katika maandishi: mahojiano yaliyofanyika saa mbili asubuhi yakiingizwa katika jedwali kama 2:00, msomaji wa kwingine ataelewa kwamba watafitiwa waliamshwa usiku wa manane. Inatosha kuandika 8:00, au kueleza mara moja mwanzoni ni hesabu ipi ya saa inayotumika, mradi data yote ifuate hesabu hiyohiyo. Sehemu hii ndiyo pia inayotaja kibali cha utafiti na cha maadili, pamoja na namba ya kibali na taasisi iliyokitoa, iwe ni kamati ya chuo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nchini Tanzania kwa utafiti wa afya, au tume za sayansi kama COSTECH ya Tanzania na NACOSTI ya Kenya. Majarida mengi hayatathmini utafiti unaohusu watu ikiwa taarifa hii haipo, na kibali hakiwezi kuombwa baada ya data kukusanywa. Majina ya watafitiwa hufichwa, na hufichwa kikamilifu: kumwita mtu Mwalimu A huku ikitajwa kwamba ndiye mwalimu mkuu pekee mwanamke katika kata fulani ni kumtaja.

Majedwali na vielelezo hustahili kukaguliwa kimoja kimoja kwa swali la kama kinasema jambo ambalo sentensi moja isingeweza kulisema. Jedwali linaloonyesha kwamba watafitiwa 15 walikuwa wanaume 7 na wanawake 8 halihitajiki, na linazidi kupotosha pale linapoongeza kwamba wanaume walikuwa asilimia 46.67, kwa kuwa desimali mbili zinatoa sura ya usahihi mkubwa kwa kundi ambalo mtu mmoja tu ni karibu asilimia saba yake. Jedwali hutengenezwa kwa kifaa cha majedwali kilichomo katika programu ya kuandikia, kamwe halitengenezwi kwa kubonyeza nafasi hadi tarakimu zijipange, wala halibandikwi kama picha, kwa sababu mpangaji wa kurasa atalazimika kulichapa upya na makosa yataingia hapo. Picha na ramani huhitaji walau nukta 300 kwa kila inchi, maana yake ni kwamba picha itakayochapishwa kwa upana wa sentimita 16 lazima iwe na upana wa nukta zipatazo 1,890. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa na kupunguzwa, hivyo hutumwa kama faili la waraka au hunakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Grafu zinazotegemea nyekundu na kijani peke yake huwatupa nje wasomaji wasioweza kutofautisha rangi hizo, na tofauti ya rangi hupotea kwa wote jarida likichapwa kwa wino mweusi. Mistari ya nukta na ya vipande hufanya kazi hiyohiyo bila hasara.

Marejeleo ndiyo sehemu inayochukuliwa kuwa ya kiufundi tu, na kumbe ndiyo inayofichua mengi kuliko zote. Kanuni ya msingi ni fupi: kila kazi iliyotajwa ndani ya matini iwemo katika orodha, na kila iliyomo katika orodha iwe imetajwa ndani ya matini. Kinachobaki ni mtindo, na mitindo ni mingi, kuanzia ule wa Vancouver unaotumia namba na kupendwa na majarida ya tiba, hadi ule wa APA unaotumia jina na mwaka. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka mwaka 2019, liliondoa mji wa uchapishaji katika rejeleo la kitabu na kuagiza kazi yenye waandishi watatu au zaidi ifupishwe kwa jina la mwandishi wa kwanza na maneno "na wenzake" tangu inapotajwa mara ya kwanza. Majarida mengi ya Afrika Mashariki, hata yanayosema yanafuata APA, bado yanautaka mji. Penye mgongano, mwongozo wa jarida ndio unaoshinda, na pale mwongozo unaponyamaza, makala ya toleo la mwisho ndiyo hakimu. Programu kama Zotero, inayopatikana bure, hupanga orodha kwa mtindo wowote kwa kubonyeza mara moja, ila hupanga kile ilichopewa. Jina likiingizwa kinyume, litatoka kinyume mara zote.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika majina. Mitindo hii ilitungwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo linalokaa mwisho, dhana isiyowafaa watu wengi wa pwani na wa bara ambao jina lao la mwisho ni la baba au la babu. Mtafiti anayetaka kurejelea kazi za Said Ahmed Mohamed atakuta riwaya kama Utengano zimetoka kwa jina hilo, huku makala zake za kitaaluma zikiwa na jina la Khamis mwishoni. Asipojua kwamba ni mtu mmoja, atampambanisha mwandishi na nafsi yake. Taasisi nazo hubadilika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 na tena 2004 chini ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na toleo la tatu la mwaka 2013 likawa chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyozaliwa mwaka 2009 kutokana na kuunganishwa kwa TUKI na Idara ya Kiswahili. Kwa hiyo kamusi hiyohiyo huweza kukaa mahali pawili katika orodha ya alfabeti, na anayeandika maana ya mwaka 1981 akaweka mwaka 2013 amepotosha ushahidi, hasa katika makala inayohusu mabadiliko ya maana. Mwandishi mwenyewe anapaswa kuamua mapema jina lake litaandikwaje, na kulishikilia hivyo katika makala zote. Namba ya ORCID, ambayo ina tarakimu 16, hutolewa bure na husaidia kumtambua hata pale jina lake linapofanana na la wengine mia.

Umbo la faili halihitaji maneno mengi. Fonti ya kawaida ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita mbili na nusu na namba za kurasa hutosheleza majarida mengi, na mapambo yote yaliyokuwa katika tasnifu, kama vile fremu za kurasa, rangi za vichwa na kurasa za shukurani, huondolewa. Lenye kuhitaji uangalifu ni lugha ya programu. Programu ya kuandikia ikiwekwa kwenye Kiingereza hupiga mistari myekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na katika wingi huo kosa halisi la chapa halionekani tena; kuuzima ukaguzi wa tahajia au kuibadilisha lugha kabla ya kuanza ni kazi ya dakika moja. Ritifaa nayo huleta taabu isiyotarajiwa: neno ng'ombe lililoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda huweza kuhesabiwa na kompyuta kuwa maneno mawili, na mtafiti wa isimu anayehesabu maneno katika matini zake atapata jibu lisilo sahihi bila kujua kwa nini.

Suala la nani awe mwandishi lizungumzwe kabla ya mswada kukamilika. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo mizizi yake ni mkutano uliofanyika Vancouver mwaka 1978, inataka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au katika kukusanya au kuchambua data, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Kwa kipimo hicho, msimamizi wa tasnifu aliyeelekeza uchambuzi na kuihakiki rasimu kwa kina ni mwandishi mwenza halali, mradi aidhinishe toleo la mwisho na kuwajibika kwalo, na mkuu wa idara aliyetia sahihi barua ya ruhusa siye. Wa pili hushukuriwa mwishoni mwa makala. Ni vigumu kwa mwanafunzi kumwambia mkubwa wake hivyo, na kwa sababu hiyo makubaliano ya maandishi mwanzoni mwa utafiti humlinda mnyonge zaidi. Programu za akili mnemba nazo haziwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Majarida mengi sasa hutaka matumizi yake yatangazwe, na marejeleo yanayotolewa na programu hizo lazima yatafutwe moja baada ya jingine, maana baadhi hayajawahi kuwepo.

Kabla ya kutuma, mswada husafishwa ili mtathmini asimtambue mwandishi, pale jarida linapotumia tathmini ya kuficha majina pande zote mbili. Kufuta jina chini ya anwani hakutoshi. Jina hubaki katika sifa za faili ambazo kompyuta huzihifadhi yenyewe, katika maoni ya pembeni yaliyoachwa na msimamizi, na katika sentensi za aina ya "kama tulivyoonyesha katika tasnifu yetu". Hiyo ya mwisho huandikwa upya kwa kurejelea tasnifu kama kazi ya mtu mwingine, au hufichwa kwa muda iwapo mwongozo unaagiza hivyo. Pamoja na mswada huenda barua fupi kwa mhariri, isiyozidi ukurasa mmoja, inayosema makala inadai nini, kwa nini wasomaji wa jarida hilo wataijali, na kwamba haijachapishwa wala haijapelekwa kwingine. Tamko hilo la mwisho ni kiapo, kwani kupeleka mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la maadili hata kama ucheleweshaji wa jarida la kwanza unakatisha tamaa. Ukimya ukizidi muda uliotangazwa, mwandishi huuliza kwa heshima. Akichoka kusubiri, huuondoa mswada kwa barua na kungoja uthibitisho kabla ya kuupeleka pengine.

Jibu likirudi na orodha ndefu ya masahihisho, hiyo ni habari njema, kwa maana makala chache sana hukubaliwa bila kuguswa. Kila hoja ya mtathmini hunakiliwa katika waraka wa pekee, chini yake huandikwa kilichobadilishwa na ukurasa kilipo, na pale mwandishi asipokubaliana hueleza sababu kwa ushahidi na kwa lugha ya adabu. Mhariri ndiye atakayeamua, na waraka huo ndio atakaousoma kwanza. Mswada ukikataliwa, maoni yaliyotolewa hufanyiwa kazi kabla haujapelekwa jarida jingine, kwa kuwa uwanja ni mdogo na mtathmini yuleyule anaweza kuletewa tena mswada uleule, na marejeleo, vichwa, ikisiri na barua vyote huandaliwa upya kwa mwongozo wa jarida hilo jipya.